Sura ya Tano: Meza Kabla ya Mkeka

Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka. Kaunti ya Kisii inadai ni wake, kaunti ya Nyamira haikubali, na wachuuzi wa soko lake wamejikuta katikati ya mzozo wa nani hasa anapaswa kuwatoza ushuru. Mwalimu wa michezo anayejaza fomu ya mwanafunzi wa Keroka hukutana na swali hilohilo kwa sura ndogo: kijana huyu ni wa timu gani? Kwao ni upande mmoja wa barabara, anasoma upande wa pili, na Jumapili anashuka mjini Kisii kufanya mazoezi ya taekwondo na klabu.

Jibu la kanuni ni fupi kuliko mzozo wenyewe. Katika michezo ya wanafunzi mtu huwakilisha shule, si boma la babake. Hivyo ndivyo ulivyojengwa mfumo wa chama cha michezo ya shule za sekondari, KSSSA. Timu huanzia zoni, ikapanda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo la Nyanza, ambako Kisii na Nyamira huingia kapu moja na Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Baada ya hapo ni mashindano ya kitaifa, na washindi huvuka kwenda michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSA. Kila ngazi humwuliza mchezaji jambo lilelile: wewe ni mwanafunzi wa shule hii kweli?

Ugumu wa karate na taekwondo ni kwamba hazikulelewa ndani ya ngazi hizo. Kandanda na voliboli zina mwalimu, uwanja na nafasi yao katika kalenda ya muhula. Sanaa za mapigano zimekuzwa na vilabu: ukumbi wa kukodi, darasa tupu baada ya masomo, gimu ya mjini yenye kioo kilichopasuka pembeni. Klabu inawajibika kwa shirikisho la kitaifa la mchezo wake, wala haimjui mwalimu mkuu. Kocha ndiye anayejua mtoto anaweza nini. Shule ndiyo inayojua ana umri gani na kama yumo darasani. Mashindano yakiandaliwa bila kuamua mapema nani atie sahihi wapi, meza ya usajili hugeuka baraza la wazee asubuhi nzima, na mapigano huanza saa nane mchana watoto wakiwa na njaa. Mimi ningetaka kila mmoja athibitishe anachokijua tu. Shule iseme huyu ni wake na alizaliwa lini. Kocha aseme amemfunza miezi mingapi na amempiganisha mara ngapi. Fomu yenye sahihi ya mmoja wao pekee irudishwe.

Uovu mkongwe wa michezo ya shule nchini ni mamluki: kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi akarudishwa kidato cha pili kwa muhula mmoja, mchezaji aliyevutwa kutoka shule jirani kwa ahadi ya karo, na wakati mwingine mtu asiye mwanafunzi kabisa, aliyevishwa sare asubuhi ya mechi. Katika kandanda madhara yake hugawanywa kwa watu kumi na mmoja. Beki atapitwa, kipa atafungwa, timu itanuna ndani ya basi hadi nyumbani. Mkekani hakuna wa kugawana naye. Msichana wa miaka 14 aliyewekwa mbele ya mwanamke wa miaka 19 hupokea kila teke peke yake, na mwamuzi hana uwezo wa kulizuia teke ambalo ni halali.

Kwa sababu hiyo umri ndio mlango wa kwanza. Lakini hata pasipo udanganyifu wowote, umri huhesabiwa kwa njia zaidi ya moja. Shirikisho la taekwondo duniani, World Taekwondo, huangalia mwaka wa kuzaliwa peke yake: kadeti ni wa miaka 12 hadi 14, junia ni wa 15 hadi 17, na mtu huhamia kundi jipya tarehe 1 Januari hata kama siku yake ya kuzaliwa bado iko mbali. Shirikisho la karate, WKF, huangalia siku yenyewe: kadeti ana miaka 14 au 15, junia 16 au 17, na umri unaohesabiwa ni ule alionao mchezaji siku mashindano yanapoanza. Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 20 Desemba 2011. Mnamo Machi 2026 ana miaka 14. Kwenye karate atapigana na wa miaka 14 na 15. Akivuka ukumbi kwenda upande wa taekwondo anahesabiwa 15, tayari ni junia, na anaweza kupangiwa mtu aliyezaliwa Januari 2009, aliyemtangulia kuja duniani kwa karibu miaka mitatu.

Ukiniuliza ni hesabu ipi inayofaa mashindano ya shule za Kisii na Nyamira, nitachagua ya mwaka, ingawa inamwonea mtoto wa Desemba. Orodha inaweza kuandikwa Januari na isiguswe hadi Desemba, makocha wanajua mapema nani yuko kundi gani, na hakuna anayepata faida kwa kusogeza tarehe wiki mbili mbele au nyuma. Mtoto wa Desemba atalindwa kwa uzani na kwa kiwango cha mafunzo, mambo ambayo nitayafikia.

Gusii, nchi ya kaunti hizi mbili, ina hesabu yake ya umri pia, na hiyo haina tarehe. Likizo ya Novemba na Desemba ni msimu wa tohara. Mvulana akitoka kutengwa anaitwa omomura, naye hatarajiwi tena kuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mamake. Zamani omomura ndiye aliyekwenda kukaa ebisarate, yale maboma ya ng'ombe ambako vijana wenye mikuki walilala wakilinda mifugo, mpaka Waingereza walipoyavunja mwanzoni mwa miaka ya 1910. Siku hizi wengi hupashwa tohara wakiwa bado shule ya msingi. Kwa hiyo ukimwuliza baba kama mwanawe ni mkubwa wa kutosha kupigana, atakujibu bila kusita kwamba ni omomura, na huenda kijana mwenyewe ana miaka 10. Baba hakudanganya. Ametoa jibu sahihi kwa swali la ukoo, nawe ulitaka jibu la fomu.

Fomu inataka cheti cha kuzaliwa. Sheria inataka uzazi uandikishwe ndani ya miezi sita, na baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye ushahidi na maelezo zaidi. Familia nyingi za vijijini hukifuata cheti pale tu shule inapokidai, hasa wakati wa kumsajili mtoto kwa mtihani wa taifa. Hapo tarehe hutoka kwenye kadi ya kliniki kama ilinusurika panya na mvua. Kama haikunusurika, hutoka kwenye kumbukumbu ya mama. Majina nayo yana safari yake. Mtoto wa Kigusii hupewa jina la marehemu wa ukoo, akabatizwa jingine kanisani, shuleni akaongezewa la baba. Msichana ambaye cheti kinamwita Kemunto anaweza kuwa Mercy kwenye rejista na kuwa na herufi tatu tu kwenye orodha ya kocha. Huo si ulaghai, lakini meza haiwezi kuutofautisha na ulaghai. Dawa yake ni ndogo: barua ya mwalimu mkuu inayoeleza tofauti ya majina, iletwe pamoja na fomu, isiletwe baada ya mtu kulalamika.

Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilianzisha mfumo wa NEMIS, uliompa kila mwanafunzi namba yake ya kipekee. Mfumo huo ulibana jambo moja vizuri, nalo ni mwanafunzi mmoja kuonekana katika shule mbili kwa wakati mmoja. Jambo la pili haukulibana, kwa sababu namba hiyo ilitegemea cheti cha kuzaliwa. Cheti kikiwa na mwaka wa uongo, kompyuta itaurudia uongo huo kwa uaminifu mkubwa. Wala kidato hakiwezi kusimama badala ya umri. Kwa miaka mingi wanafunzi walirudia darasa la nane wakitafuta alama bora za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho 2023, na wengine walikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa karo. Darasa moja la kidato cha tatu linaweza kuwa na kijana wa miaka 16 na mwingine wa 19 kwenye dawati moja. Mwandalizi anayetangaza pigano la “wanafunzi wa kidato cha tatu” hajatangaza kundi lolote.

Umuhimu wa mizani hauhitaji kufafanuliwa kwa mkulima wa Nyansiongo au Kiamokama. Anayepeleka majani mabichi kituo cha kununulia chai anajua kwamba kiasi kidogo kinachokatwa kila siku kwa ajili ya gunia ni bonasi ya mtu mwisho wa mwaka. Anataka aione namba kwa macho yake na aondoke na risiti. Upimaji wa wachezaji ufanywe kwa imani ileile haba: mizani moja kwa wote, imewekwa juu ya sakafu ngumu wala si juu ya nyasi, kocha akiiona namba, namba ikiandikwa papo hapo na mchezaji akitia sahihi kando yake. Wasichana wapimwe na wanawake, ndani ya chumba kilichofungwa, na mtoto yeyote asivuliwe nguo za ndani ili apunguze gramu mia mbili. Mwandalizi atangaze mapema kuwa nguo nyepesi zinaruhusiwa na zinakatwa kiasi fulani kwa kila mtu, basi.

Saa ya kupima ina uzito kuliko mizani yenyewe. Mashindano ya kimataifa ya taekwondo hupima siku moja kabla, halafu asubuhi ya mapigano huita wachache kwa bahati nasibu kuhakikisha hawajazidi kikomo cha kundi lao kwa zaidi ya asilimia 5. Ukaguzi huo wa pili ulikuja kwa sababu wapiganaji hujikausha maji mpaka wafikie namba, kisha usiku wanakunywa na kula, na kesho yake wanaingia mkekani wakiwa wazito kuliko karatasi zao. Mtu mzima mwenye daktari na mtaalamu wa lishe anaweza kuufanya mchezo huo, ingawa hata watu wazima wamewahi kuzimia. Mwanafunzi wa bweni hana daktari. Ana sweta mbili, uwanja wa kukimbia, na uwezo wa kumpa rafiki yake ugali wa jioni kwa siku tatu mfululizo. Mpime asubuhi ya pigano lenyewe, baada ya chai na mkate, na ujanja huo hautamletea faida yoyote, maana atapigana na njaa yake mwenyewe.

Makundi ya uzani yaliyonakiliwa kutoka vitabu vya kimataifa yana shida nyingine. Ubingwa wa dunia wa taekwondo una makundi manane kwa wanaume na manane kwa wanawake. Ukiwa na wavulana 24 kutoka shule za kaunti mbili, makundi manane yatakupa wawili hapa, wanne pale, na mmoja aliyekaa peke yake anayesubiri medali ya dhahabu bila kutoa jasho. Afadhali wapimwe wote, wapangwe mstari kuanzia mwepesi hadi mzito, halafu wakatwe kwa vikundi vya wanne, kwa sharti kwamba mzito wa kikundi asimzidi mwepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Mwenye kilo 40 asikutane na aliyepita kilo 44. Asiye na mwenzake aambiwe ukweli asubuhi hiyo, apewe nafasi ya kuonyesha kata au poomsae, yaani mfululizo wa mbinu bila mpinzani, na arudi nyumbani mzima.

Kisha kuna swali la mkanda. Katika taekwondo ya kimataifa mchezaji hudaiwa cheti cha Kukkiwon, makao makuu ya mchezo huo mjini Seoul: dan kwa mkubwa, poom kwa mtoto. Hudaiwa pia leseni ya mchezaji ya World Taekwondo. Masharti hayo yana maana kwa mtu anayepanda ndege. Kuyaleta Nyamira ni kuweka ukuta wa pesa mbele ya watoto ambao tayari wanavaa sare za kuazimana. Isitoshe, rangi za mikanda hazilingani. Taekwondo yenyewe imegawanyika tangu zamani. Shirikisho la ITF la Jenerali Choi Hong-hi liliundwa 1966, lile la Seoul, ambalo leo ni World Taekwondo, likafuata 1973, na kila upande una mitihani yake. Karate nayo ina Shotokan, ina Goju-ryu, ina walimu waliojitenga wakafungua mtindo wao. Utamkuta mwenye mkanda wa kijani aliyefanya mazoezi miaka minne, ila hakuwa na ada ya mtihani, na mwenye mkanda wa kahawia ambaye mjomba wake ndiye mtahini. Kuwapanga kwa rangi ni kumwadhibu maskini, au kumwumiza yule mwingine. Ulizia miezi ya mazoezi na idadi ya mapigano, basi utakuwa karibu zaidi na ukweli. Wasiowahi kupigana mbele ya mwamuzi wakutane wao kwa wao.

Hapa ndipo kanuni za alama zinapostahili kuguswa, na waandalizi wengi huogopa kuzigusa. Taekwondo ya sasa hutoa alama 1 kwa ngumi ya kifuani, 2 kwa teke la kiwiliwili, 3 kwa teke la kichwa, 4 kwa teke la kuzunguka likifika kiwiliwili na 5 likifika kichwani. Hesabu hiyo ilitengenezwa kuwapendeza watazamaji, na imefaulu. Kwa mtoto aliyeanza mazoezi Mei ni mwaliko wa kulenga kichwa cha mwenzake, kwa kuwa ndiko kwenye malipo. Karate humsukuma kinyume: inadai udhibiti, na katika umri mdogo humwadhibu anayemgonga mpinzani usoni. Kwa kundi la wanaoanza ningefuta kabisa teke la kichwa, hata kama kocha fulani atalalamika kwamba nimemwua simba nikabakiza ngozi. Aliyeangushwa kwa pigo la kichwa katika taekwondo ya watu wazima hupumzishwa angalau siku 30. Mwanafunzi aliyepata pigo kama hilo Jumapili huwa darasani Jumatatu saa moja, akiandika mtihani wa hisabati, na mwalimu wa hisabati hajui kilichotokea. Taarifa ya jeraha ipelekwe shuleni siku hiyohiyo, kwa maandishi, kwa mtu mwenye jina.

Kanuni kali kuliko zote katika Gusii haiandikwi kwenye fomu yoyote. Ni siku. Waadventista Wasabato ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa Kisii na Nyamira. Misheni yao ya Nyanchwa, pembeni mwa mji wa Kisii, ina zaidi ya karne moja. Kwa muumini wao Sabato huanza Ijumaa jua likitua na kwisha Jumamosi jua likitua. Mashindano ya vilabu, kama harusi na matanga, hupenda Jumamosi. Hakuna mwandalizi atakayeandika kwamba Msabato haruhusiwi kushiriki, lakini ratiba yake inaandika hivyo kwa niaba yake, na kwa ukanda huu ina maana ya kuwafungia nje baadhi ya wachezaji bora bila hata kuwaangalia.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwa upande wa kanisa hilo katika kesi yake na Waziri wa Elimu kuhusu wanafunzi Wasabato wa shule za umma na shughuli za Jumamosi. Kesi ilihusu masomo, haikuhusu mateke, lakini mwalimu mkuu mwenye busara hataki kuwa wa kwanza kuuliza mahakama kama taekwondo iko ndani au nje ya uamuzi ule.

Njia za kutoka zipo, kila moja na gharama yake. Jumamosi baada ya jua kutua haifai: hapa jua hutua kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni mwaka mzima, na serikali haitaki wanafunzi wasafirishwe usiku. Jumapili inafaa Wasabato na kuwakera Wakatoliki, na ukanda wenye Nyabururu na Mosocho hauwezi kujifanya hauna Wakatoliki, ingawa kuanza baada ya misa ya kwanza humaliza sehemu kubwa ya ugomvi. Siku za kazi wakati wa likizo fupi ni nzuri, ila shule za bweni zimefungwa na watoto wametawanyika hadi Borabu na Bobasi. Na kuna mtego ambao nimeuona kwenye ratiba zilizoandikwa kwa nia njema kabisa: wachezaji wapimwe Ijumaa mchana, Sabato ipite, wapigane Jumapili. Siku mbili kati ya mizani na mkeka ni paradiso ya mtu anayejikausha maji. Ukichagua Jumapili, mizani nayo iwe Jumapili.

Suala la kuinama kwa salamu limewahi kuzua hofu kwa wazazi wa dini zote, wakidhani mtoto anafundishwa kuabudu. Salamu kwa mpinzani na kwa mwamuzi ni sharti la mchezo, na asiyeitoa huadhibiwa. Picha ya mwanzilishi ukutani si sharti la mashindano. Iondolewe, na mazungumzo yataisha hapo.

Wazazi wana hofu nyingine ambayo sidhani ni ya kupuuzwa. Gusii inawakumbuka Chinkororo, vijana wa ulinzi wa ukoo ambao kwa wakati wao waligeuzwa mikono ya wanasiasa, hadi serikali ikalipiga kundi hilo marufuku 2002 pamoja na mengine. Kila uchaguzi unapokaribia, kijana anayejua kurusha ngumi ana bei. Mama anayesita kutia sahihi fomu ya ridhaa huenda haogopi jino kung'oka. Anaogopa nani atamtafuta mwanawe baada ya medali. Kwa hiyo fomu hiyo isiwe mstari mmoja wa “nakubali”. Ieleze mchezo ni upi, kinga gani zitavaliwa, nani atakuwa na watoto njiani, bima ni ya nani, na kwamba mchezaji atakayepatikana akitumia mafunzo yake kwa fujo nje ya ukumbi atafutwa kwenye orodha pamoja na kocha aliyejua akanyamaza. Kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ndiye anayetia sahihi, na mwalimu mkuu asitie kwa niaba yake eti kwa sababu simu ya mzazi haikupatikana. Aliyefikisha 18 atie mwenyewe. Bado ni mwanafunzi, ila si mtoto mbele ya sheria.

Chuoni maswali hubadilika. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake 2013, hushindana chini ya shirikisho la michezo ya vyuo vikuu nchini, na juu yake kuna FISU, shirikisho la dunia. Kwa michezo yake ya dunia FISU inataka mchezaji awe na miaka 18 hadi 25, na awe amesajiliwa chuoni au amehitimu mwaka uliotangulia michezo. Umri si tatizo kwa wengi. Tatizo ni neno “amesajiliwa”. Mwanafunzi ambaye hajalipa karo hajasajili kozi zake za muhula, na jina lake halimo kwenye orodha rasmi, hata kama analala bwenini na kufanya mazoezi kila jioni. Aliyeahirisha masomo mwaka mmoja ili auze ndizi apate karo si mwanafunzi kwa mwaka huo. Mwalimu wa miaka 34 anayesoma wakati wa likizo ni mwanafunzi halisi kuliko wote, ana kadi na risiti, na mlango wa FISU umefungwa mbele yake. Kanuni hii inazuia vyuo kukodi wapiganaji, nami naiunga mkono, lakini haki yake inategemea ofisi ya fedha kuliko ofisi ya michezo.

Mfano wa kwamba chuo cha mashambani kinaweza kufika mbali uko jirani. Faith Ogallo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, alipotwaa fedha ya taekwondo katika Michezo ya Afrika mjini Rabat 2019, na katika mji huohuo, Februari 2020, akafuzu kwa Olimpiki ya Tokyo. Mbele yake kulikuwa na meza moja baada ya nyingine, kila moja ikitaka karatasi yake, na hakuna iliyomwuliza kama kwao kuna ukumbi wenye mkeka mzuri.

Yabaki malalamiko. Michezo ya timu huvumilia rufaa ya baadaye: pointi hunyang'anywa, jedwali hupangwa upya, timu iliyoonewa hupanda. Mashindano ya mtoano ya mapigano hayana jedwali la kupanga upya. Ikigundulika Jumanne kwamba bingwa wa kilo 52 alikuwa na miaka 20, unaweza kumpa dhahabu aliyeshindwa fainali, lakini yule aliyemtoa raundi ya kwanza na yule wa nusu fainali hutawarudishia chochote. Mmoja wao huenda yuko na barafu kwenye shavu. Mahakama ya Mizozo ya Michezo, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013, ipo kwa mambo mazito, ila si mahali pa kupeleka ugomvi wa kidato cha pili.

Kwa hiyo pingamizi ziletwe kabla. Wiki moja kabla ya mashindano, orodha kamili itumwe kwenye kundi la WhatsApp la walimu na makocha wote wa kaunti mbili: jina kama lilivyo kwenye cheti, mwaka wa kuzaliwa, shule, miezi ya mazoezi. Namba za vyeti na simu za wazazi zisiwekwe humo. Anayemjua mamluki atasema, maana katika Kisii na Nyamira hakuna kijana asiye na binamu katika shule jirani. Pingamizi iandikwe, iambatane na ada itakayorudishwa ikithibitika, na ijibiwe siku mbili kabla ya mapigano, mtuhumiwa akiwa amesikilizwa na shule yake ikiwepo. Mlango wa pingamizi za umri na usajili ufungwe hapo. Asubuhi ya mashindano meza ibaki na kazi tatu: kulinganisha uso na picha, kusoma mizani, na kuhakikisha daktari amefika.